Umeanguka na unaona aibu kurudi kanisani? Fanya hivi

Bwana asifiwe. Hii naiandika kwa yule mtu ambaye Jumapili asubuhi akisikia kengele anageukia ukutani anajifanya kalala, mke akimuita anasema kichwa kinauma, kumbe kichwa kizima kabisa, kuna kitu alifanya na sahivi kanisani hapaingiliki. Namjua huyo mtu maana nilikuwa mimi, miezi tisa nzima. Nilikuwa mtunza hazina wa kwaya, tukawa tunachanga hela ya sare, nikaila. Laki sita na arobaini elfu. Sikuila siku moja, hela ya watu hailiwi hivyo, unachomoa elfu kumi ya luku unasema ntairudisha Ijumaa, alafu elfu thelathini mtoto anadaiwa mchango shuleni, alafu unaacha hata kuandika kwenye daftari, mpaka siku fundi cherehani anataka advansi, mwenyekiti anapiga simu na wewe umekaa unaiangalia inaita mpaka inakata yenyewe.

Nimerudi. Sio leo wala jana, ni miaka kadhaa sasa, na toka hapo nimekaa na watu wengi wanaotaka kurudi, wa hela, wa ndoa, wa pombe, wa maneno. Kuna wanaorudi vizuri na kuna wanaorudi kwa mlango wa nyuma alafu baada ya miezi miwili hawaonekani tena. Tofauti yao kwa nilivyoona mimi ni moja, wanaorudi vizuri wanaanza na hukumu. Wale wengine wanakimbilia msamaha kabla hawajakubali kesi. Na asiye na kesi haachiwi huru jamani, huyo anapita zake barabarani tu.

Anza kwa kujisomea mashtaka

Tukisikia hukumu ya Mungu akili inaenda moja kwa moja kwenye siku ya mwisho, vitabu vinafunguliwa, kondoo huku mbuzi kule. Hiyo ipo na naiamini, Waebrania 9:27 iko wazi. Ila Biblia imejaa hukumu nyingine inayokuja mapema, ukiwa bado unapumua na unaweza kufanya kitu. Nabii Nathani alipoenda kwa mfalme Daudi, aliyekuwa amechukua mke wa mtu na kumuulisha mumewe, hakwenda kumwambia utaungua, alimpa kisa cha tajiri aliyechukua mwanakondoo wa maskini, Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu mwenyewe kwamba huyo mtu anastahili kufa na alipe mara nne, ndo Nathani akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Yaani Daudi alijihukumu kwa mdomo wake kabla hajajua kesi ni ya nani. Na jibu lake lilikuwa fupi, nimemfanyia Bwana dhambi, basi. Hakuongeza neno.

Sasa mlinganishe na mfalme Sauli, 1 Samweli 15, aliyebakiza nyara alizoambiwa aziangamize. Na yeye alisema nimefanya dhambi, maneno yaleyale kabisa, ila soma vizuri uone kilichotangulia na kilichofuata. Kwanza ni watu ndio waliotaka nyara, alafu niliwaogopa watu, alafu, na hapa ndo pananiuma kila nikisoma, anamwomba Samweli ampe heshima mbele ya wazee wa watu wake. Alitaka asamehewe na meza kuu abaki nayo. Mi nilikuwa Sauli mtupu, nilichokuwa naomba usiku sio Mungu nisamehe, nilikuwa naomba Mungu wasijue.

Kwahiyo chukua karatasi. Kweli chukua, usifanye kichwani, kichwani tunajipendelea. Andika nini nilifanya, nilimfanyia nani, kiasi gani, toka lini. Neno "kwa sababu" lisiwepo, "ila" nalo lisiwepo. Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa na mistari kumi na moja na nane kati ya hiyo ilikuwa inaeleza hali ngumu ya maisha, nikaichana. Ya pili ilikuwa na mistari mitatu tu na mkono ulikuwa unatetemeka, nikajua hii ndo yenyewe. Hali ngumu ilikuwepo kweli, sikatai, ila wale akina mama waliochanga elfu mbili mbili za kuuza mboga na wenyewe walikuwa kwenye hali ngumu hiyohiyo.

Ukimaliza isome kwa sauti. Alafu soma Zaburi 51, hasa mstari wa 4 pale anaposema Mungu aonekane ana haki anenapo na safi atoapo hukumu. Hapo ndo mtu anakubali kwamba hakimu yuko sahihi. Usiruke huu mstari ukakimbilia ule wa moyo safi, wote tunaupenda wa moyo safi.

Tahadhari kidogo hapa kabla hujaendelea

Kujihukumu sio kujichukia. Usiku ule wa kukamatwa Yesu walianguka wawili, Yuda na Petro, na wote wawili waliumia sana baadae. Yuda alirudisha hela, vipande thelathini vyote, na akakiri kabisa kwamba amesaliti damu isiyo na hatia, ukiangalia kwa haraka unaweza kusema toba yake ni kubwa kuliko ya Petro. Lakini aliipeleka kwa watu gani? Kwa wakuu wa makuhani ambao walishamtumia na wakamwambia yatupasani sisi, yaangalie haya wewe mwenyewe. Akaenda peke yake, na peke yake ndo ikammaliza. Petro yeye alilia kwa uchungu ila alibaki na wenzake, mpaka kwenye kuvua samaki walikuwa pamoja. Kama umefika mahali unafikiria kujidhuru, acha kusoma hapa, karatasi utaandika siku nyingine, mpigie mtu mmoja unayemwamini saa hizihizi aje mkae wote au akupeleke hospitali. Siku mbaya kama hiyo sio ya kukaa peke yako na makosa yako.

Zungumza na Mungu, na usisubiri kujisikia vizuri

Hii sehemu ni fupi kuliko watu wanavyofikiri. Hamna haja ya kufunga siku ishirini na moja kwanza ili usikilizwe. Mwana mpotevu alipokuwa kule kwa nguruwe alitunga hotuba yake vizuri, na mwishoni akaweka "nifanye kama mmoja wa watumishi wako." Ukisoma Luka 15 taratibu utaona alipofika kwa baba ile sentensi ya mwisho hakuisema. Alisema nimekosa, alisema sistahili, na kabla hajafika kwenye ombi la kazi baba ameshaanza kuagiza vazi na pete na viatu. Mi naipenda sana hiyo. Baba alipokea kukiri kwake ila ile ya utumwa haikupata hata nafasi.

Ukikosa maneno sema hivi, Bwana nimeiba hela ya sare, ni mimi, sina cha kujitetea, kwa ajili ya Yesu nihurumie. Weka kosa lako pale kwa jina lake. Usiseme "kama kuna mahali nimekukosea", hiyo kama ni ya nini wakati karatasi unayo mkononi. 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama dhambi zetu Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee, na ona imesema wa haki, haikusema mpole tu. Kwa imani yetu ile hukumu haikufutwa kienyeji, ilibebwa na mtu msalabani, ndo maana Mungu akikusamehe hajavunja haki yake.

Tafuta sikio moja

Hapa wengi mnakwama na mi nilikwama. Unasema nimeshatubu kwa Mungu inatosha, si ndo Waprotestanti tunavyofundishwa? Sio kweli hata kidogo. Kama ulipita kipaimara kwa Walutheri utakumbuka kwenye Katekisimo Ndogo, kile kitabu cha mafundisho cha Luther cha mwaka 1529, kuna sehemu ya maungamo, na inasema maungamo yana mambo mawili, la kwanza kuungama dhambi, la pili kupokea ondoleo kutoka kwa mchungaji kama vile linatoka kwa Mungu mwenyewe, bila mashaka. Tulikariri tukapata cheti tukasahau. Wakatoliki hawajasahau, wao wana kitubio, unaingia kwa padre unasema na unaondoka na malipizi yako, na padre yuko chini ya siri ambayo haruhusiwi kuivunja kwa lolote. Siku ukihangaika kutafuta mtu wa kumwambia utaelewa kwanini hao ndugu zetu hawakuiacha.

Na ule Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia pande za Gahini kule Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukashuka mpaka Kenya na kwetu Bukoba na kwingine, nguvu yake kubwa ilikuwa hapohapo. Watu walikaa kwenye ushirika wakaita kutembea nuruni, mtu anasimama anasema mimi juzi nilifanya hiki. Wazee waliokulia kwenye huo moto wanasimulia watu walivyokuwa wanarudisha majembe, mablanketi, vitu vya mwajiri, madeni ya zamani. Sipendi kila kitu cha wale wazee, kulikuwa na ukali na kukaguana kupita kiasi, lakini hapo walikuwa wameshika kitu.

Sikio liwe la nani? Mtu aliyekomaa, asiyekuwa na maslahi kwenye kesi yako, asiyependa kuanza sentensi na "usimwambie mtu." Mimi nilimfuata mwinjilisti mstaafu mtaani, nikamkuta anapukuchua mahindi, nikamwambia mzee shikamoo nina neno, akasema marahaba mwanangu, sema tu huku unanisaidia. Nikapukuchua magunzi kama thelathini ndo nikasema. Hakushtuka. Aliniuliza maswali mawili tu, ni kiasi gani na nani mwingine anajua. Alafu akanawa mikono akaniwekea kichwani akasema kwa jina la Yesu umesamehewa dhambi zako. Nimesikia hayo maneno kila Jumapili toka utoto, ila siku hiyo yalikuja na jina langu.

Angalizo kwa kesi zinazohusu watu wengine. Kama ni zinaa usiende kumtaja mwenzio mbele ya kundi, ungama ya kwako. Kama ni jinai, umemuumiza mtoto, umebaka, umeua mtu na gari ukakimbia, basi mchungaji akuombee na akusindikize polisi, msamaha wa Mungu haujawahi kuwa maficho ya kumkwepa aliyeumizwa. Mchungaji anayekwambia tumalize kimya kimya tulinde jina la kanisa anakupoteza wewe na anampoteza yule mtoto.

Rudisha

Nakaa hapa kwa muda mrefu kidogo maana hapa ndo toba inapoonekana ina mifupa.

Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru Yeriko. Tunamwimba na watoto kwa sababu ya ufupi wake na mkuyu, tunapita mbali na hesabu zake. Torati ilikuwa na viwango. Mtu akikiri mwenyewe, Hesabu 5:7, anarudisha kile alichochukua na anaongeza sehemu ya tano. Lakini mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumuuza, Kutoka 22:1, analipa kondoo wanne kwa mmoja. Sasa Zakayo alikuwa anakiri mwenyewe, angeweza kabisa kudai kile kiwango kidogo, ila akasimama akasema kama nimemnyang'anya mtu kwa hila namrudishia mara nne. Alijikatia hukumu ya mwizi wa kondoo. Hakuna hakimu aliyemlazimisha.

Na usikose mpangilio wa kile kisa. Yesu alimwita ashuke na akasema anashinda nyumbani kwake kabla Zakayo hajatoa hata senti. Neema ilitangulia, malipo yakafuata. Ukigeuza ukasema ntalipa kwanza alafu Mungu anipokee, utachoka katikati, maana kuna vitu havilipiki. Mimi nililipa nikiwa nimeshasamehewa na ndo maana niliweza kulala usingizi na bado nadaiwa.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Piga hesabu kamili, usikadirie kwa kujipunja wala kwa kujionyesha. Yangu ilikuwa 640,000, sehemu ya tano yake ni 128,000, jumla 768,000. Kibarua changu cha wakati huo hakikuwa cha kulipa hiyo mara moja kwahiyo nikasema elfu 48 kila mwezi, miezi 16. Usiahidi laki kwa mwezi ili uonekane umeokoka, mwezi wa tatu utashindwa na watu watasema si tulijua. Ahidi kidogo na usichelewe hata siku moja. Tuma kwa simu ili ibaki meseji, au ukitoa mkononi mbele ya mtu iandikwe.

Unapoenda kuwaambia waliokosewa, nenda mwenyewe, usitume mtu, na usiende na chakula wala zawadi, inaonekana kama rushwa. Simama usikae mpaka waseme kaa. Mi nilisema hivi, "Mwenyekiti na mama zangu, hela za sare hazikupotea, nilizila mimi. Ni laki sita na arobaini. Sina kisingizio. Naomba mnisamehe, na nitalipa hivi na hivi, ya kwanza hii hapa." Alafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo kugumu kuliko yote, utatamani uongee ujaze ule ukimya, uwaeleze kuhusu mtoto na shule, usiongee. Mama mmoja alilia, mwingine aliniambia maneno ambayo siyaandiki hapa na yalikuwa ya haki.

Je kama uliyemkosea ameshafariki? Torati iliwaza hata hilo, Hesabu 5:8, kama hakuna ndugu wa karibu wa kupokea basi inaenda kwa Bwana. Tafuta watoto wake kwanza, kama hamna kabisa toa kwa wahitaji bila kutangaza jina lako. Kama deni ni la maneno, ulimchafua mtu, basi kulipa ni kuwarudia walewale uliowaambia mmoja mmoja na kusema nilidanganya, tena uanze na yule mwenye mdomo mrefu. Kama ulivunja ndoa ya mtu, hapo hamna kiwango, kaa mbali na ile nyumba, na huko kukaa mbali ndo malipo yako.

Usidai msamaha kwa watu

Mungu amesamehe, mwinjilisti ametangaza, umelipa awamu ya kwanza, alafu yule mama anapishana na wewe sokoni hakusalimii. Utasikia kamdudu ndani kanasema mbona yeye ni Mkristo, saba mara sabini iko wapi. Kaue haraka hako kamdudu. Mathayo 18 ilisemwa kwa Petro aliyekosewa, haikusemwa ili mkosaji aende nayo mkononi kama hati ya kudai. Huyo mama akisamehe leo ni sawa, akisamehe baada ya miaka mitatu ni sawa, kazi yako ni kutuma elfu 48 tarehe ile ile.

Kurudi kundini

Kwa sisi wa KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri Tanzania, kuna utaratibu kabisa na unajulikana kwa jina hilo, kurudi kundini. Kama ulitengwa au ulijitenga, hupokei Meza ya Bwana mpaka urudishwe. Namna inavyofanyika inatofautiana usharika na usharika ila njia ni moja, unamwona mzee wa kanisa wa mtaa wako au jumuiya yako, anakupeleka kwa mchungaji, mnaongea, kama kuna mambo ya kutengeneza kama ndoa isiyobarikiwa au deni unayatengeneza au unaonyesha umeanza, alafu siku ya ibada mnaitwa mbele. Wengi husogea kipindi cha Kwaresima ili Pasaka iwakute mezani, na ofisi ya mchungaji siku hizo inajaa, nenda mapema. Madhehebu mengine wana njia zao, uliza kwa mzee wa pale pale na sio kwa jirani.

Watu wanaogopa ile kusimama mbele. Nikwambie inakuwaje. Tulikuwa saba. Kulikuwa na vijana wawili walioishi pamoja bila ndoa, na mtoto wao mgongoni kwa bibi, kulikuwa na baba mmoja mkubwa sana wa heshima mtaani ambaye sikujua kabisa ana kesi, akasimama pembeni yangu anatoka jasho. Hakuna aliyesomewa makosa yake kwenye spika. Mchungaji akauliza maswali ya kukataa uovu na kumwamini Kristo, tukajibu, akaomba, akatupa mkono mmoja mmoja. Dakika kumi labda. Kilichonimaliza ni wale wazee wa kanisa kutoka kwenye viti vyao kuja kutushika mikono, na wa mwisho kwenye mstari ni yule mwenyekiti wa kwaya.

Makanisa nayo yana deni hapa. Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu mtu aliyeadhibiwa na wengi aliwaambia sasa basi, msameheni na kumfariji asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi, 2 Wakorintho 2:7. Kuna sharika zinajua kutenga na hazijui kurudisha. Mtu anakaa nje miaka na hakuna hata mzee mmoja aliyepita kwake kumjulia hali.

Na usinunue njia ya mkato. Kuna watu watakwambia hukumu yako inaondoka kwa mafuta haya, kwa maji haya, kwa sadaka ya kujikomboa ya laki mbili. Mwaka 1517 kule Ujerumani mtawa mmoja anaitwa Tetzel alikuwa anazunguka anauza vyeti vya msamaha na ndo vurugu yote ya Luther ikaanzia pale. Katika zile hoja 95 alizoandika Luther kupinga hilo, hoja ya kwanza kabisa ni kwamba Kristo aliposema tubuni alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Kama una laki mbili ya sadaka ya kujikomboa, mpelekee uliyemwibia.

Baada ya hapo

Msamaha haufuti kila kitu kilichotokea. Daudi alisamehewa siku ileile na bado nyumba yake iliungua kwa miaka. Ndoa inaweza isirudi, kazi inaweza isirudi. Mimi kuna watu mpaka leo nikipita wananiita sare, wanacheka, na mi nacheka nao siku nyingine na siku nyingine sicheki.

Kuna sauti itakuja usiku, ile Ufunuo 12:10 inamwita mshitaki. Inasoma kesi upya na inaisoma kwa usahihi kabisa, kiasi, tarehe, majina. Usibishane nayo kwamba hukufanya. Mi huwa nakumbuka Walawi 16, Siku ya Upatanisho, mbuzi walikuwa wawili. Mmoja alichinjwa. Wa pili kuhani mkuu aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake, akaungama maovu yote ya Israeli juu yake, alafu mtu maalum akamwongoza mpaka jangwani akamwacha huko. Watu walisimama wakaangalia anaondoka, anakuwa mdogo, mdogo, mpaka hawamwoni. Nadhani Mungu alijua tunahitaji kuona kitu kinaenda na hakirudi. Sauti ikija namwambia ni kweli nilifanya, na yule mbuzi alishaondoka, kalale.

Alafu badilisha mazingira ya anguko lako, usiombe tu. Mlevi abadili njia ya kurudi nyumbani. Mwenye simu ya siri aivunje laini mbele ya mkewe. Mimi nilisema sishiki tena hela ya watu, na nikawaomba kwaya kila hela ishikwe na watu wawili na isomwe hadharani kila mwezi, nikashangaa hata hilo hatukuwa nalo.

Mwezi wa kumi na sita nilipomaliza nilituma meseji kwa mwenyekiti, "Mama nimemaliza." Akajibu saa hiyohiyo, "Asante mwanangu, kesho njoo mazoezini, saa kumi." Nilipofika sare zilikuwa zimeshashonwa toka mwaka uliopita, za kitenge cha bluu, kila mtu anayo. Yangu ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kinanda, imekunjwa, na kipimo walikisia kwa macho kwahiyo mikono ilikuwa mifupi.

Kama umefika hapa na karatasi bado hujaandika, andika sahivi, mistari mitatu. Kama umeshaandika, jina la mtu wa kumwambia unalijua. Mpigie kabla ya saa tatu usiku maana wazee wanalala mapema, na akipokea mwamkie kwanza.